Ribe: Kanisa Lililokusudiwa Kuwa Kituo cha Njiani

Leo tunapanda vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, twende hadi Ribe, katika kaunti ya Kilifi, mwendo wa kilomita kama 30 kutoka mjini. Ni nchi ya minazi, mikorosho na mashamba ya mahindi, nchi ya Waribe, ambao ni miongoni mwa makabila madogo kabisa katika yale tisa ya Wamijikenda. Hapo, mwaka 1862, Wamethodisti walianza kazi yao katika nchi ambayo leo tunaiita Kenya. Ilikuwa miaka 50 kabla hawajafungua misheni ya Kaaga kule Meru, na zaidi ya miaka 30 kabla reli haijaanza kujengwa kutoka Mombasa.

Historia ya kanisa hili tumezoea kuisikia kama habari za Waingereza wachache waliokuja, wakaugua homa, wakafa na kuzikwa. Habari hizo ni za kweli, na wenyewe wanastahili heshima yetu. Lakini jioni hii nataka tuitazame Ribe kwa jicho la mwenyeji, na kwa jicho la yule aliyeingia hapo usiku akikimbia. Wamisionari waliianzisha Ribe wakitazama mbali kuliko Ribe. Walitaka kituo cha kupumzikia njiani kuelekea kwingine. Safari zile za mbali nyingi hazikufika zilikotarajiwa, na kituo kile cha njiani ndicho kilichosimama mpaka leo. Waliokiwezesha kusimama ni watu ambao hawakuwamo katika mipango ya mtu yeyote.

Tuanze na Krapf. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha kimisionari cha Kianglikana, CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo alimzika mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 alijiunga naye mwenzake, Johannes Rebmann, wakaanzisha misheni Rabai. Krapf alikuwa na ndoto kubwa: vituo vya misheni vipangwe kimoja baada ya kingine, kutoka bahari ya mashariki hadi bahari ya magharibi, vilikate bara zima. Na kila alipotazama kaskazini alikuwa akiwawaza Waoromo, ambao siku zile watu wa Pwani waliwaita Wagala. Aliamini kwamba wao wakiipokea Injili, Afrika Mashariki yote itaipokea. Afya yake ikakataa, na mwaka 1853 akarudi Ulaya. Mwaka 1860 kitabu cha safari zake kikatoka London kwa Kiingereza.

Kitabu hicho kilimfikia Charles Cheetham, mkazi wa Heywood katika jimbo la Lancashire. Huyu alikuwa mtunza hazina wa misheni za Kanisa la Muungano wa Wamethodisti Huru. Naomba nikae kidogo hapa, kwa maana tabia ya kanisa hili ilikuja kuonekana hata Ribe. Umethodisti ulianzia kwa John Wesley, kasisi wa Kianglikana ambaye mwaka 1739 alitoka nje ya kuta za kanisa, akawahubiria wachimba makaa na mafukara uwanjani, karibu na mji wa Bristol. Wafuasi wake wakajenga nyumba za ibada ndogondogo vijijini, bila mnara, bila mapambo. Wahubiri wengi walikuwa watu wa kazi: mfumaji, seremala, mkulima; siku sita kiwandani au shambani, na Jumapili anatembea kwa miguu kwenda kuhubiri kijiji cha jirani. Baada ya Wesley kufa, mwaka 1791, ukazuka ugomvi wa miaka mingi: nani ana neno la mwisho kanisani, mkutano wa wachungaji au waumini wenyewe? Hawa Wamethodisti Huru, walioungana mwaka 1857, walikuwa upande wa waumini. Lilikuwa kanisa la watu wa kawaida waliodai sauti.

Lancashire, mojawapo ya ngome zao, ilikuwa nchi ya viwanda vya pamba. Na pamba hiyo ilitoka Marekani, ilikolimwa na watumwa. Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka Marekani, meli za pamba zikakoma, na viwanda vya Lancashire vikafungwa kimoja baada ya kingine. Maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi wakakaa na njaa. Ni katika miaka hiyohiyo ya dhiki kwamba kanisa la watu hawa lilituma wamisionari Afrika Mashariki.

Basi Cheetham alimwandikia Krapf kuomba ushauri, na Krapf, ingawa afya yake ilikuwa mbovu, akakubali kuja mwenyewe kuwaonyesha njia. Mwanzoni mwa 1862 alirudi Pwani yetu akiwa na Waingereza wawili, Thomas Wakefield na James Woolner, pamoja na vijana wawili kutoka chuo cha kimisionari cha Chrischona, Uswisi. Vijana hao wawili hawakukaa. Waliacha kazi mapema. Woolner akaugua, akalazimika kurudishwa kwao. Krapf naye hakuumaliza mwaka. Akabaki Wakefield peke yake, kijana wa Derby aliyekuja akiwa na umri wa miaka 25 tu.

Ribe ilichaguliwaje? Kwa Krapf sababu ilikuwa wazi: vilima vina hewa nzuri kuliko kisiwani, Rabai kwa Rebmann si mbali, na njia ya kwenda kwa Waoromo iko wazi kupita pwani mpaka mto Tana. Ribe ilikuwa kizingiti tu; nyumba yenyewe, kwa mawazo yake, ilikuwa mbele.

Lakini msikilizaji, kizingiti hicho kilikuwa na wenyewe. Waribe walikuwa na kaya yao msituni, mji wa asili uliozungukwa na miti mikubwa, wenye milango na njia zake, wenye wazee wake, viapo vyake na sala zake. Hiyo kaya ilikuwa ngome pia. Mwaka 1857, miaka mitano tu kabla ya Wakefield kufika, vita vya Wamaasai vilifika mpaka karibu na Mombasa, na Rebmann mwenyewe alilazimika kukimbilia Zanzibar. Watu waliokaa katika hali hiyo wanajua thamani ya ukuta wa msitu, na wanajua hatari ya kumkaribisha mtu wasiyemfahamu. Juu ya hayo, Pwani yote ilikuwa chini ya sultani wa Zanzibar, na wazee walilazimika kupima kila mgeni kwa mizani miwili, ya kwao na ya mjini.

Hata hivyo walimpokea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wakefield alipewa mahali, akapewa na kazi ya kutosha: kujifunza lugha, kujenga, kutibu, kufundisha watoto wachache waliokubali kuja. Nyumba za Pwani wakati ule, na za ibada zikiwemo, zilijengwa kwa boriti na fito zilizofungwa kwa kamba, zikakandikwa udongo, zikaezekwa makuti. Mgeni wa Derby hakujua kuchagua mti usioliwa na mchwa, wala kusuka makuti yasiyovuja masika. Ujuzi ule ulikuwa wa Waribe. Kwa hiyo tukisema misheni ilijengwa, tukumbuke mikono iliyojenga.

Mwaka 1863 alifika Charles New, kijana wa miaka 23, akamkuta Wakefield mpweke. Mwaka uliofuata akaja Edmund Butterworth, naye hakumaliza hata mwaka. Homa ilimchukua, akazikwa Ribe. Siku zile hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye anayeeneza malaria. Jambo hilo lilithibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897. Watu walidhani homa inatokana na hewa mbaya ya mabwawa, kwa hiyo walikimbilia vilimani, wakashangaa kwa nini bado wanakufa.

Injili ilikwendaje? Polepole sana. Wazee walisikiliza, wakaheshimu, wakarudi kwenye kaya yao. Walikuwa na Mulungu wao wanayemwomba mvua, na hawakuona sababu ya kuacha njia za baba zao kwa neno la vijana wawili wasio na mke wala mtoto. Tembo la mnazi nalo lilikuwa mzozo. Kwa Wamethodisti lilikuwa ulevi. Kwa wazee lilikuwa kinywaji cha kikao, cha posa, cha tambiko na cha mazishi, na huwezi kumwambia mzee aache tembo bila kumwambia aache kikao. Kwa miaka mingi waliobatizwa walikuwa wachache mno. Wafadhili huko Lancashire waliokuwa wakingoja taarifa za umati wa waumini walipata barua za vifo na subira.

Kwa hiyo macho ya wamisionari yalizidi kwenda mbali. Na hapa nataka nikuonyeshe mambo mawili kwa karibu, kwa sababu yanafunua kitu ambacho vitabu vya zamani vilikipita haraka.

La kwanza ni la Wakefield. Hakuwa msafiri mkubwa wa bara, lakini mwaka 1870 jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London lilichapisha makala yake ndefu juu ya njia za misafara kutoka Pwani kwenda bara. Ndani yake mna njia zilizopita nchi ya Wamaasai, maziwa, milima na makambi, mambo ambayo wasomi wa Ulaya hawakuwa nayo kwenye ramani zao. Aliyajuaje? Alikaa na kiongozi wa misafara, mtu wa Pwani aitwaye Sadi bin Ahedi, akamuuliza kambi kwa kambi. Leo mnalala wapi? Kesho mnatembea muda gani? Maji yako wapi? Mlima uko mkono gani? Nani anaishi hapo, na anataka hongo ya namna gani? Sadi alikuwa na nchi nzima kichwani: umbali aliupima kwa miguu, mito aliijua kwa ladha ya maji yake, hatari alizijua kwa sababu alishazipita. Wakefield alikuwa na wino, karatasi na subira ya kusikiliza. Makala ikatoka kwa jina la aliyeandika, lakini elimu ilikuwa ya Sadi na ya wafanyabiashara na wapagazi wa Pwani waliokwenda bara na kurudi miaka mingi kabla ya misheni. Kwa haki, Wakefield alimtaja. Ni sisi tuliosoma baadaye tuliolisahau jina hilo.

La pili ni la Charles New. Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro mwaka 1848 na kuandika kwamba kileleni kuna theluji, wataalamu wa London walimkebehi. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Mwaka 1871 New alitoka Pwani, akapitia nchi ya Wataita, akafika Moshi kwa mtawala wake, Mangi Rindi, ambaye vitabu vya Kizungu humwita Mandara. Mwezi Agosti akaupanda mlima. Jaribio la kwanza lilishindikana. Baridi iliwalemea wenzake. Alipojaribu tena, watu wakazidi kupungua njiani, mpaka akabaki na msaidizi wake mmoja, Tofiki. Walipanda pamoja, hewa ikawa nyembamba, hatua chache, pumziko; hatua chache, pumziko. Tofiki alikwenda hadi pumzi ilipomwishia, akaketi. New akasonga mbele hadi kwenye theluji, akaigusa, akavunja mapande ya barafu, kisha akarudi nayo kwa Tofiki aliyekuwa akimsubiri pale mwambani. Theluji iliyobishaniwa London ilikuwa mkononi mwake. Katika safari hiyohiyo New alifika ziwa Chala, lile ziwa la duara lililo mpakani mwa Kenya na Tanzania, na kuwa Mzungu wa kwanza kuliandikia habari.

Mwaka 1873 alichapisha kitabu chake, kisha akarudi kwa Mangi Rindi. Mara hii mapokezi yalikuwa mengine. Alinyang'anywa mali zake, akafukuzwa akiwa mgonjwa. Alifariki njiani mwezi Februari 1875 kabla hajafika kwake, akazikwa Ribe. Alikuwa na miaka 35.

Kuna kaburi jingine la kuzungumzia, na hilo ndilo linalonigusa zaidi. Wakefield alikuwa amekwenda Uingereza, akaoa, akarudi na mkewe Rebecca. Rebecca Wakefield aliandika barua nyingi nyumbani, na baada ya kifo chake kaka yake alizikusanya kuwa kitabu. Kupitia barua hizo jamaa zake walipata kuyajua maisha ya Ribe ya kila siku, yaliyokuwa yakipitwa na taarifa za safari: maradhi, mvua, upikaji, watoto, majirani, Jumapili. Mwezi Juni 1873, sultani Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Mwezi uliofuata, Rebecca alifariki Ribe baada ya kujifungua, na mtoto naye hakuishi. Wanawake wa Ribe waliojua uchungu wa namna hiyo walikuwa wengi. Naamini kwamba siku kama ile, mgeni aliyezika mke na mtoto katika udongo wa kijiji hakuwa tena mpita njia machoni pa wenyeji. Alishakuwa na kaburi. Na kwetu sisi, mwenye kaburi mahali ana mahali.

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo ya leo. Soko la Zanzibar lilifungwa, lakini utumwa wenyewe ulibaki halali Pwani. Katika nchi inayoitwa Kenya leo, utumwa wa Pwani ulifutwa kisheria mwaka 1907 tu. Mashamba ya nafaka na minazi yaliendelea kulimwa na watumwa, na wengi wao walikuwa wakitafuta pa kukimbilia. Wakatoroka. Waliitwa watoro. Wengine walijificha misituni, wakaanzisha vijiji vyao wenyewe, na wengine walipanda vilima hadi misheni: Rabai kwa Waanglikana, Ribe na Jomvu kwa Wamethodisti.

Katika miaka ya 1880 ikaongezeka njaa kali iliyokumbukwa na Wamijikenda kwa jina la Mwakisenge. Mvua zilikosa, ghala zikaisha, na kuna waliolazimika kuwaweka watoto wao rehani mjini ili wapate chakula. Misheni zikajaa watu wasiokuwa na mahali pengine.

Wamisionari hawakulipanga jambo hili. Lilikuwa likiwatia hofu. John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, aliwaonya wasiwapokee watumwa wa watu, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuvunja sheria ya sultani na kuchokoza vita. Wenye watumwa walikuja na madai na vitisho. Ndani ya misheni zenyewe kulikuwa na mashaka, na hata ukali usiopendeza; maisha ya misheni yalikuwa na amri nyingi, na si kila aliyekimbia bwana alipata upole mahali alipokimbilia. Lakini watu waliendelea kuja, usiku kwa usiku, na wengi hawakurudishwa. Wakalima viwanja, wakajenga vibanda, wakaoana, wakaketi ibadani.

Mwaka 1888 alifika George Mackenzie, mwakilishi wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Alikuta mgogoro uko karibu kupasuka. Akapatana na wenye watumwa walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa kwenye misheni za Pwani walipewa hati za uhuru. Wengi wao walikuwa Rabai; idadi ndogo zaidi ilikuwa kwa Wamethodisti. Hebu fikiria karatasi ile mkononi mwa mtu aliyekuwa akilala nusu macho kwa miaka, akisikiliza kama bwana wake amekuja na watu wenye bunduki. Nani awezaye kusema kanisa lilikuwa tupu wakati huo?

Na tusiwasahau watu wa Sierra Leone. Mwaka 1880 Wamethodisti Huru walimleta Pwani mchungaji mmoja kutoka huko, William During. Sierra Leone ni nchi iliyojazwa na watu waliookolewa katika meli za watumwa huko Atlantiki. Basi Mwafrika wa pwani ya magharibi alikuja kuwahudumia Waafrika wa pwani ya mashariki, nao walioponyoka utumwa wa upande huu. Ule mlolongo wa Krapf, wa kuunganisha bahari mbili, ulitimia kwa namna ambayo Krapf hakuiota.

Je, safari ya kwa Waoromo? Ilifanyika. Wamethodisti walifungua kituo Golbanti, kando ya mto Tana. Mei 1886 uvamizi wa Wamaasai uliwaua John Houghton na mkewe Annie, pamoja na watu wengine wa kituo, muda mfupi tu baada ya wao kufika. Kazi ya Tana iliendelea kwa shida, na matunda yake yapo, lakini lile wimbi kubwa alilolitabiri Krapf halikuja. Wakefield aliondoka Pwani mwaka 1887 baada ya miaka 25, akafariki Uingereza mwaka 1901. Mwaka 1896 ujenzi wa reli ulianza Mombasa, ukapitia Mazeras, ukaiacha Ribe pembeni. Tangu hapo mtu wa kwenda bara hakuwa na haja ya kupita Ribe. Mwaka 1912 kanisa likaanza kazi Meru, ambako lilikuja kupata waumini wengi kuliko mahali pengine popote nchini.

Kwa hesabu ya waanzilishi, basi, Ribe ilimaliza kazi yake. Lakini Ribe haikufungwa. Waumini wake hawakuwa wa kupita. Walikuwa wameshalima, wameshazika, wameshazaa. Watoto wao walisoma, wakawa walimu na wahubiri, wakatoka kijiji hadi kijiji kwa desturi ileile ya Wamethodisti ya mhubiri mkulima. Shule zikakua, na leo jina la Ribe hutajwa na wanafunzi wa sekondari, wavulana na wasichana. Mwaka 1967 Kanisa la Methodisti Kenya lilipata mamlaka yake kamili, likaacha kuongozwa kutoka Uingereza, na Ronald Mng'ong'o akawa Mkenya wa kwanza kuliongoza. Lile dai la Wamethodisti Huru wa Lancashire, kwamba waumini wenyewe wawe na sauti katika kanisa lao, likawa limejibiwa hapa kwetu, miaka 105 baada ya Wakefield kuingia Ribe.

Na kaya? Nayo ipo. Kaya Ribe ni mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kwa hiyo katika nchi ileile ndogo kuna mahali pawili pa sala, na mara nyingi watu wa ukoo mmoja wana uhusiano na pote pawili. Nasema hili kwa nia njema kabisa: kanisa la Ribe lina deni kwa kaya. Wazee wa kaya ndio waliowaruhusu wageni wakae, katika wakati ambao wangeweza kuwakatalia. Mkristo wa Ribe anayelinda msitu ule dhidi ya shoka na dhidi ya wanyakuzi wa ardhi anamlipa mwenyeji fadhila ya mwaka 1862.

Sasa, msikilizaji, tunajifunza nini? Mimi naona funzo moja kubwa, na nitalisema bila kuzunguka. Taasisi hupimwa kwa mipango yake, lakini watu huikumbuka kwa nani aliyepata hifadhi ndani yake. Mpango wa Ribe ulikuwa njia ya kwenda kwingine. Thamani ya Ribe ilikuwa kwa yule asiyeweza kwenda popote pengine. Kila kanisa, kila msikiti, kila shule ya kijijini inayojiona ndogo, isiyo na jengo la fahari wala idadi ya kujivunia, na ijiulize swali moja: mwenye shida akija usiku, atafunguliwa?

La mwisho ni ombi. Majina ya Krapf, Wakefield na New yako vitabuni, na hayatapotea. Ya Sadi na Tofiki yamo vitabuni pia, yakingoja kusomwa upya. Lakini ya mtoro aliyefika na watoto wawili mgongoni na mkononi, ya fundi aliyesimamisha boriti za nyumba ya ibada, ya mama aliyeuosha mwili wa Rebecca, hayo yamo katika vichwa vya wazee wa Ribe, Jomvu, Mazeras na Golbanti, na katika daftari za ubatizo na ndoa zinazoliwa na mchwa makabatini. Vijana wa makanisa hayo, mnazo simu zinazorekodi sauti na kupiga picha. Kaeni na mzee mmoja kila mwezi. Muulizeni kambi kwa kambi kama Wakefield alivyomuuliza Sadi: babu yako alitoka wapi, alipita wapi, nani alimpokea, alipewa shamba lipi? Piga picha kila ukurasa wa daftari la zamani, na nakala moja ipelekwe kwenye hifadhi ya kumbukumbu. Nanyi wachungaji, toeni ruhusa na funguo za makabati hayo. Kazi hiyo haihitaji mfadhili kutoka ng'ambo, na ikifanywa mwaka huu, wapo wazee watakaoweza kujibu.

Kama una ndugu aliyezaliwa au kusoma Ribe, mwambie aanze na maswali hayo nyumbani kwake usiku wa leo.